Mafuta Yako Imepanda

Mgeni rasmi, Mama Mjumbe wa Afya wa Jimbo, viongozi wa mji, imamu na padri wetu, ambao leo wamekubali kukaa benchi moja, wauguzi, ndugu mliotoka Kabambare, Wamaza na Lusangi, wengine kwa pikipiki na wengine kwa miguu, na ninyi wenzetu wa sukari:

KARIBU

Tunakusalimu kwa salamu zetu zote mbili, ya msikitini na ya kanisani, uchague au uzipokee zote. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Watu wengi husema hivyo kwa adabu, kisha wanaleta chakula. Sisi tunasema kwa maana yake kamili. Tunataka kupona.

Risala hii iliandikwa na katibu, ikasomwa mbele ya umoja mara tatu, na kila mara ilikatwa kitu. Mwenzetu mmoja alipendekeza tuongeze sifa zako. Hatukuongeza, kwa sababu tumekujua tangu jana tu, na kumdanganya daktari kama wewe ni kazi ya bure; atakupima tu. Tunajua pia kwamba umekaa siku mbili kwenye barabara ya Kindu wakati huu wa mvua, na kwamba mgongo wako unaomba risala fupi. Tutajitahidi, ila kuna habari moja humu ambayo haikubali kukatwa.

TULIKOTOKA

Umoja wetu ulizaliwa miaka minne iliyopita kwenye baraza la labo, maabara yetu ya hospitali, na aliyeuzaa ni njaa. Kipimo cha sukari cha asubuhi kinataka mtu asile tangu jana yake. Siku hiyo watu kumi na mmoja walikuja na matumbo matupu, mashine ikagoma, na ilipofika saa nne wakaanza kugombana nani alitangulia. Waislamu walisema wao kufunga wamekuzoea. Wakristo wakajibu kwamba Kwaresima si ya mchezo. Aliyemaliza maneno ni Baba Djafari, muuza petroli wa kwenye njia ya kutokea Kabambare. Alisema wote wana njaa, na sukari haijawahi kumuuliza mtu dini yake. Wakacheka, na walipochoka kucheka wakaanza kuulizana habari za dawa. Kabla ya jua la mchana, Baba Djafari alikuwa mwenyekiti wetu, na hajaacha kuwa.

Leo tuko sitini na wanne. Arobaini na mmoja wako Kasongo, waliobaki wametawanyika Kabambare, Wamaza na Lusangi. Karibu wote tuna sukari ile ya ukubwani, ambayo madaktari huiita aina ya pili, ile inayompata mtu akiwa ameshazoea kuitwa babu au bibi. Mjini wanatuita watu wa sukari. Kuna mama aliyetoka Lusangi na mfuko mtupu, akatufuata kwenye mkutano, akidhani tunauza ya kilo.

TULIYOFANYA

Hatukukaa tukingoja. Tumegawana wawili wawili, na kila Jumapili mtu hutazama nyayo za mwenzake, maana wengi wetu miguu imekufa ganzi na mwiba hauwezi kujitangaza. Asiye na mwenzake karibu hutazamwa na jirani. Padri amezoea kuona watu wakivua viatu baada ya misa, na imamu anasema Waislamu ndio waliokuwa na desturi hiyo tangu zamani.

Tumebadilisha sufuria pia. Sombe yetu, mboga ya majani ya muhogo, mgeni rasmi, ni tamu, na utamu wake mkubwa ni mawese. Zamani mama alikuwa anainamisha chupa juu ya sufuria na kuhesabu kwa moyo wake, na moyo wa mama ukihesabu mawese huwa ni mkarimu. Sasa tunapima kwa kizibo cha chupa ya soda: mtu mmoja, kizibo kimoja. Waume walinung'unika mwezi mzima. Wauza mawese walikuja kutulalamikia wakiwa kikundi, tukawapima sukari bure, na wawili kati yao sasa ni wanachama.

Sukari ya wengi wetu imeshuka. Hilo tunalisema kwa kifua mbele, na wauguzi wako hapa kutukanusha kama tunasema uongo.

YALIYOTUPATA

Mgeni rasmi, risala nyingi hufika hapa na kutaja matatizo kwa hesabu: la kwanza, la pili, la tatu. Sisi tuliandika orodha hiyo. Katika kuisoma tukaona kwamba matatizo yote yamekaa ndani ya mtu mmoja, basi tukaona bora tukueleze habari zake. Ni mwenyekiti wetu, yule aliyekaa mbele mwenye kofia nyeupe. Ameturuhusu kwa sharti moja, kwamba tusimfanye mtu wa kuhurumiwa. Akisikia sauti ya huruma, amesema, atainuka aende zake, ingawa siku hizi anahitaji mtu wa kumwonyesha mlango.

Djafari alikuwa dereva wa pikipiki kwa miaka kumi na saba. Kasongo na Kabambare alikuwa anakwenda kama mtu anayetoka chumbani kwenda jikoni. Mashimo ya njia ya Wamaza aliyapa majina ya watu waliowahi kuanguka ndani yake. Mgongo ulipokataa, akaweka meza kando ya barabara, akapanga chupa zake, akawa kadafi, kama tunavyowaita wauza petroli wa barabarani. Sukari ilionekana kwake miaka sita iliyopita. Hakuwa mgonjwa mbishi. Alimeza vidonge, aliacha chai ya vijiko vitano, na kipimo kiliposhuka alimwambia mke wake Amisa kwamba mambo yameisha.

Hayakuwa yameisha. Wauguzi walitufundisha baadaye jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelisikia hapa. Ndani ya damu kuna sukari, na kuna mafuta pia. Mwizi wa macho ni sukari; mafuta ya damu yakizidi, huwa ni yule anayemshikia mwizi ngazi. Mishipa midogo nyuma ya jicho ikichoshwa na sukari huanza kuvuja, na damu yenye mafuta mengi ikivuja, huacha madoa ya manjano mahali pale pale tunapotumia kusoma na kutambua sura. Si kila mwenye mafuta mengi atapofuka, na tumeonywa tusiwatishe watu hivyo. Lakini mtu wa sukari anapaswa kupimwa vyote viwili, na kutazamwa macho kila mwaka hata kama anaona vizuri. Labo yetu haina dawa ya kupima mafuta hayo. Damu husafiri hadi Kindu ndani ya sanduku la barafu, na majibu hurudi yakiwa yamechoka.

Mwaka jana damu ya Djafari ilisafiri hivyo. Baada ya wiki tatu karatasi ikarudi, nambari za mafuta ya damu zikiwa juu kuliko alizowahi kuziona mfanyakazi wa labo. Mfanyakazi huyo hakuwa mzembe. Alikuwa peke yake, foleni ilifika nje, na akafanya lililoonekana la haraka na la wema: alichukua simu ya labo akaandika ujumbe. Tunausoma kama ulivyo.

"Baba Djafari, mafuta yako imepanda sana. Ni ya kuangalia mbio."

Wiki hiyo, mgeni rasmi, mvua ilikuwa imebeba daraja, malori yamekwama, na petroli ilikuwa haipatikani Kasongo nzima. Makadafi wote walikuwa wanaandikiana bei tangu alfajiri. Djafari aliketi mbele ya meza yake akaona nambari asiyoijua ikimwambia kwamba mafuta yake yamepanda sana, akadhani ni mwenzake wa Lusangi, akaona ni habari ya ukweli kabisa. Akajibu kama mfanyabiashara mwenye utu anavyojibu:

"Hata huku imepanda. Ni kuvumilia tu, Mungu atashusha."

Labo ilisoma jibu hilo ikaguswa. Ikamwona ni mtu mwenye imani, aliyepokea habari mbaya kwa moyo mtulivu, na ambaye bila shaka atakuja. Foleni ikasogea. Djafari akaongeza bei ya chupa kidogo, akaendelea kuvumilia, kwa miezi kumi na mmoja.

Mambo yalianza na faneli yake ya kumiminia petroli. Aliona masizi yanaelea ndani ya petroli, akafua kitambaa cha kuchujia, akafua tena, akanunua kipya. Masizi yakabaki. Siku moja aliyaona yakielea juu ya ukuta wa msikiti, na ukuta haujawahi kuchujwa. Hapo alijua kwamba masizi yako ndani ya jicho lake la kulia. Hakumwambia mtu. Muuza petroli asiyeona ni nani atakayemsogelea na pikipiki yake? Mficha maradhi kifo humuumbua, naye alikuwa anatusomea methali hiyo sisi kila mkutano.

Amisa ndiye aliyemgundua. Alikwenda kumpelekea chakula akamkuta anamimina petroli huku uso wake umeelekea barabarani. Akasimama akatazama. Mumewe alijaza chupa ya kwanza hadi mstari, ya pili hadi mstari, ya tatu, bila kuzitazama hata moja. Ametuambia kwamba kwanza alijivunia. Kisha akaelewa.

"Unapima na nini?" aliuliza.

"Na sikio," Djafari akasema. "Chupa ikikaribia kujaa, sauti inakuwa nyembamba."

Amisa aliweka sahani chini na kufunga meza kwa mikono yake mwenyewe. Hiyo ilikuwa ni miezi miwili iliyopita. Kesho yake muuguzi wa macho aliyekuwa anapita Kasongo na tochi yake alitazama ndani ya macho ya Djafari kwa muda mrefu. Jicho la kulia lilikuwa limejaa damu. La kushoto, ambalo bado linaona, lilikuwa na madoa ya manjano karibu na katikati, kama matone ya mawese kwenye kitambaa cheupe, na mishipa mipya iliyokuwa imeanza kuota mahali pasipotakiwa. Muuguzi alisema jicho hilo linahitaji mashine ya mwanga, ile ya kuziba mishipa, na kwamba halitasubiri mwaka mwingine.

Kwenye mkutano uliofuata Djafari alisimama kutueleza. Alikuwa na hasira, na tuliona ni haki yake. Alisema alitoa damu yake mwaka jana, akafunga kula, akafanya kila alichoambiwa, na hakuna mtu aliyemrudishia jibu.

"Sikupata message hata moja," alisema. "Shika simu, tazama weye mwenyewe."

Akamnyooshea simu mtu aliyekuwa karibu naye. Mtu huyo alipekua, akapita bei za Februari, bei za Januari, akarudi nyuma hadi bei za wiki ya daraja. Halafu akaacha kupekua. Akasoma ule ujumbe kwa sauti, na jibu lake.

"Hiyo ni ya bei," Djafari alisema. "Hiyo ni ya mutu wa Lusangi."

"Hapana, Baba," akajibiwa. "Hiyo iko ya labo."

Djafari alikaa chini taratibu, akawa anarudia maneno yale polepole kama mtu anayeonja chumvi. Mafuta yako imepanda. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na tulidhani analia. Alikuwa anacheka. Alisema katika maisha yake yote ya biashara hiyo ndiyo bei pekee iliyompita. Tulicheka naye, kwa sababu alitulazimisha.

Habari hiyo haikubaki Kasongo. Ilipanda pikipiki, na ilipofika Wamaza ilikuwa imepoteza nusu ya mizigo yake. Huko ilisikika kwamba mafuta yanaua macho. Dada yetu Olga, mkulima, mtu wa bidii kuliko sisi sote, aliacha kujipaka mafuta mwilini siku ile ile ili aokoe macho yake. Visigino vikapasuka. Mwenzake wa Jumapili alikuwa msibani, jirani hakuitwa, na mwenzake alipomtazama nyayo baada ya wiki tatu alikuta kidonda. Kimepona, tunamshukuru Mungu na waliomfunga bendeji kila siku. Olga ametuuliza swali ambalo tumelibeba hadi kwako: kwa nini neno moja lifanye kazi nne? Ya sufuria ni mafuta, ya ngozi ni mafuta, ya pikipiki ni mafuta, na ya damu nayo ni mafuta. Kuuliza si ujinga.

TUNAYOOMBA

Mgeni rasmi, tunaomba dawa ya kupima mafuta ya damu ifike Kasongo, na baadaye Kabambare, ili damu yetu iache kusafiri kuliko sisi wenyewe.

Tunaomba muuguzi mmoja wa hapa afundishwe kutazama nyuma ya jicho na apewe chombo chake, ili kila mtu wa sukari atazamwe mara moja kwa mwaka, akiwa bado anaona.

Tunaomba pia iwe desturi ya jimbo lote, kama ilivyo kwetu tangu mkutano ule, kwamba jibu la namna hii asipewe mtu kwa ujumbe peke yake. Aitwe, akae, aambiwe "mafuta ya damu", kwa maneno yote matatu, kisha aulizwe amesikia nini. Hilo la mwisho ndilo kubwa. Mtu akirudia kwa mdomo wake alichosikia, kosa hujitokeza hapo hapo.

Sasa tuna ombi ambalo halimo kwenye nakala tuliyokutumia. Kanuni ya risala ni kusema "sisi", na katibu wetu amejificha ndani ya "sisi" tangu mwanzo wa karatasi hii. Umoja umemwomba atoke. Katibu wa umoja ndiye yule mfanyakazi wa labo. Ndiye aliyeandika ujumbe, ndiye aliyeguswa na jibu, na ndiye aliyeshika simu siku ile na kujisomea mwenyewe. Kila mtu hapa anamjua isipokuwa wewe. Anaitwa Léocadie, na ndiye anayesoma mbele yako. Alileta barua ya kuacha ukatibu. Baba Djafari aliipokea, akasema hawezi kuisoma, macho yake ni mabovu, na mpaka leo ameikalia. Léocadie hataki kusamehewa kwa mzaha. Anataka jicho la kushoto lipone, ili siku moja mzee huyo aisome barua hiyo mwenyewe na aamue akiwa anaona.

Daktari wa macho mwenye mashine ya mwanga yuko Kindu, na atakuwepo mpaka Jumamosi. Leo ni Jumatano. Pikipiki ipo, na vijana kumi wamejitolea kumpeleka, lakini muuguzi alikataza: jicho lenye mishipa kama ile lisitikiswe siku mbili juu ya kiti cha nyuma, na mzee asiinamishe kichwa. Tunajua gari nalo linatikisika kwenye njia hii. Walau lina mahali pa kuegemeza shingo.

Gari lako linaondoka kesho alfajiri. Jana mlipofika, ndugu yetu Assumani anayelinda lango aliwafungulia milango, na tunakiri kwamba alihesabu. Viti ni vitano. Mlishuka watu wanne. Kiti cha tano kilikuwa kimekaliwa na katoni ya maji.

Ni desturi hapa kwamba mgeni asiondoke mikono mitupu. Tumekuwekea mchele wa Kasongo, mfuko mdogo, unakaa miguuni. Jogoo tulimnunua, kisha tukamrudisha, kwa kuwa jogoo naye anataka mahali pa kukaa. Ile katoni ya maji tumepanga kuifunga juu ya gari, na kamba tunayo.

Tulimuuliza mwenyekiti kama ana neno la kukuambia. Alikataa mara mbili, akisema mgeni hasumbuliwi. Mara ya tatu alisema hili, akikuita munganga, yaani daktari, na katibu ameliandika bila kusahihisha hata herufi moja:

"Mwambie Mama Munganga: mafuta yangu imepanda mwaka muzima, miye nikabakia chini. Sasa na miye nipande."

KUFUNGA

Mwenyezi Mungu, aliyeweka jicho mahali pa juu ili lione mbali, akulinde wewe na nyumba yako. Ayakaushe matope ya Kindu kabla ya alfajiri. Akupe safari njema, na kiti kisicho kitupu.

Ni sisi,
Umoja wa Watu wa Sukari, Kasongo na Kabambare.